Lenzi Tatu na Mabinti Watatu wa Bi Zuhura

Kwanza nilisikia: tk. Kisha tena: tk. Halafu kimya, na pumzi ya mtu mzima aliyekuwa akihesabu kimoyomoyo. Nilikuwa nimesimama ndani ya giza lenye harufu ya siki, sijui ukuta uko mbele yangu au mgongoni.

"Umesikia?" sauti ikauliza.

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Mdudu."

Bi Rehema, mwalimu wangu, alicheka mpaka akakohoa. "Haya," akasema, "mdudu huyo ndiye atakayekulisha."

Mdudu alikuwa pete ya lenzi ya mashine ya kuchapia picha, ile inayomulika filamu juu ya karatasi. Ukiizungusha, tundu la kupitishia mwanga linazidi kuwa dogo, na kila hatua inalia. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo nimeiacha mwaka huu, baada ya macho yangu kuanza kuona taa nyekundu mbili palipo na moja. Nawaandikia nyinyi mabinti wawili mlioachiwa funguo za studio. Sitawaeleza habari za vyeo, maana chumba kile hakina cheo: gizani mkubwa ni yule anayejua beseni liko wapi.

Bi Rehema alikuwa mtu wa kisiwa cha Kudha, mwembamba, ncha za vidole zimeiva rangi ya chai kwa ajili ya dawa za kusafishia picha. Majirani wa Kismayu walidhani ni hina iliyomharibikia, wakamwonea huruma, na yeye akaipokea huruma hiyo kwa miaka bila kuwasahihisha. Siku yangu ya kwanza hakunifundisha picha hata moja. Alinifungia ndani bila taa, akaniambia nimletee mkasi, kisha koleo, kisha glasi ya maji. Maji nilimmwagia miguuni. "Mchu huona kwa vidole kwanza," alisema, na mchu kwa Kibajuni chake ni mtu. "Macho huja baadaye, yakija."

Sababu ya studio yetu kuwa ya wanawake watupu mnaijua, lakini niiandike kwa ajili ya watakaokuja. Kwenye harusi zetu wanawake hukaa kwao, vichwa wazi, nywele zimesukwa, wanacheza kama ambavyo hawatacheza mbele ya mtu yeyote mwingine. Picha za hapo hazionwi na mwanamume asiye wao. Basi anayepiga ni mwanamke, anayesafisha ni mwanamke, na kanuni ya Bi Rehema ni moja: hakibaki kitu. Kila karatasi iliyopata uso wa mwanamke, iwe imeiva au imeungua, hata kile kipande cha majaribio chenye upana wa kidole, hutiwa kwenye bahasha pamoja na filamu na kurudishwa kwa mwenyewe. Hatukuwa na ndoo ya takataka. Niliwahi kumkabidhi bibi harusi sikio lake la kushoto likiwa limeungua kwa viwango mbalimbali, naye akashukuru sana, akauliza kama la kulia lipo.

Sasa niwaambie habari za lenzi, maana mmezirithi na hazina mazoea na watu.

Mwitaliano ndiye mkubwa. Ni wa shaba, vioo vitatu, havina ile rangi ya zambarau mnayoiona kwenye lenzi za siku hizi. Katikati ya picha anaona, pembeni anasahau. Mfunge milio miwili kabla ya kufanya lolote, na mlengeshe akiwa ameshafungwa. Ukimlengesha akiwa wazi kisha ukamfunga, anahama, kama mgeni uliyemtandikia hapa ukamkuta amelala kule. Uso anaoutoa ni uso wa mtu aliyetoka kuamka kutoka usingizi mzuri.

Mjerumani ana vioo sita na hana adabu. Anaonyesha uzi, anaonyesha kinyweleo, anaonyesha unga uliobaki kwenye kidevu cha mpishi. Aliwahi kuonyesha kwamba lulu za bibi harusi mmoja ni za plastiki, na lililofuata baada ya hapo sitalisimulia kwa kuwa baadhi yao wako hai.

Mjapani ndiye kijana wao. Hapendi kijivu. Kwake cheusi ni cheusi na cheupe ni cheupe, na hata asiyepaka wanja yeye humpaka.

Bi Rehema hakukubali kuwalinganisha kwa uso. Alikuwa na filamu moja ya mkeka wa ukindu uliowambwa ukutani, akauchapa kwa kila lenzi, akaja na kioo cha kukuzia akakagua kona. "Mkeka haujui kupendeza," alikuwa akisema. Kisha aliipindua filamu, upande wa kulia ukawa kushoto, akachapa tena. Kona mbaya ikibaki palepale kwenye karatasi, kosa ni la lenzi. Ikihamia upande wa pili, kosa ni la filamu. Mkeka ukishasema, ndipo aliuuliza uso. Na kwa kuwa karatasi mbichi gizani zote ni ndugu, alizikata pembeni kwa mkasi: mkato mmoja Mwitaliano, miwili Mjerumani, mitatu Mjapani. Kidole kikipita, kinajua. Hilo nalo mlishike, ingawa mtaona lilivyotutendea.

Hewa ya bahari huotesha ukungu ndani ya kioo, ukungu wenye matawi kama mwani. Walazeni kwenye kopo lenye mchele uliokaangwa mkavu. Mgeni wetu mmoja aliwahi kuukuta jikoni akaupikia pilau. Pilau haikuwa na neno. Lakini Mjapani alilala mtupu, na mpaka leo ana alama.

Vita vilipotutoa mjini, tulielekea kusini, Burgabo, lenzi nimezifunga ndani ya nepi za mtoto wa watu. Njiani kulikuwa na kamba imetandazwa, na kijana mwenye bunduki iliyomzidi urefu. Akamkuta Mjerumani.

"Eedo," akaniambia, kama wanavyomwita shangazi kwa Kisomali, "hiki ndicho cha kulengea?"

"Ndiyo, mwanangu. Cha kulengea picha."

Akakiweka jichoni, akatazama bahari. Bahari ikawa ukungu. Akatazama kiganja chake, akakiona kikubwa, mistari yote ipo. Akakaa nacho kiganja chake muda mrefu sana, sote tumesimama juani na mizigo. Kisha akanirudishia lenzi. "Haioni mbali," alisema, "itanitia hofu bure." Tukapita.

Bi Rehema alifia Mombasa, tulikoishia kama wakimbizi, katika jiko tulilokuwa tukiligeuza chumba cha giza baada ya chakula cha mchana. Alikuwa akinielekeza jinsi ya kupoza dawa kwa barafu, akasema "usiitie yote," akanyamaza. Nilingoja aendelee. Mpaka leo sijui alikusudia barafu ya siku ile au jambo kubwa zaidi, na siitii yote katika chochote ninachokifanya.

Niliporudi Kismayu, watu walikuwa na simu zenye kamera mbili mbili na walinicheka. Hawakunicheka sana. Picha ya simu ina mabawa. Inapigwa chumbani kwa bibi harusi, na kabla ya isha iko kwa mtu wa bandarini ambaye hata hakualikwa. Filamu haina mabawa. Inakaa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sanduku, ufunguo shingoni kwa mwenyewe. Nilifungua tena mlango wa chumba cha giza, na wateja wakaja na filamu zilizonunuliwa Dubai zikiwa zimefichwa ndani ya viatu vipya.

Hapo ndipo alipokuja Bi Zuhura, muuza vitambaa, jirani yangu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Salma, na kila aliyemfahamu alikuwa akimpa pole kwa hilo hata siku za sikukuu. Salma alikuwa ameposwa kwa maneno na Athumani, kijana wa Kibajuni aliyekulia Mombasa na sasa anaoka mikate Ulaya. Walikuwa wakizungumza kwa simu, sauti tu, kwa ruhusa ya wazazi. Sasa mama yake Athumani, Bi Maryamu wa Mombasa, ameomba picha, ya karatasi, ya heshima.

"Mtoe vizuri, dada Esha," Bi Zuhura aliniambia. "Ila asizidi."

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kumsafisha Mwitaliano ukungu, na nilitaka kujua kama amepona. Mkeka ulikuwa umeshasema. Ulibaki uso. Nikampiga Salma picha moja, na filamu hiyohiyo nikaichapa kwa lenzi zote tatu, nikakata pembe kama kawaida, na ile ya Mjapani nikaipindua filamu kukagua kona, hata kile kidoti cheusi alichozaliwa nacho Salma kwenye shavu la kulia kikahamia la kushoto. Sikukosea. Mngekuwa nyinyi ningewataka mfanye hivyohivyo. Kisha nikatia zote kwenye bahasha pamoja na filamu, maana hakibaki kitu, nikamwambia Bi Zuhura, "Ya mikato miwili ndiyo ya kupeleka. Hizi nyingine zichome."

Lakini nani anachoma uso wa mwanawe? Bi Zuhura alipeleka Mombasa zote tatu.

Baada ya siku chache alinijia na simu mkononi, hana rangi. Akanisikilizisha sauti ya Bi Maryamu, iliyojaa furaha mpaka simu inatetemeka: "Bi Zuhura, mbona hukutuambia una watatu? Alhamdulillahi! Yule mkubwa, wa mkato mmoja, mpole, mashallah, huyo wa Athumani. Wa kati, wa mikato miwili, ana uso wa kusimamia nyumba, mashallah, tunamtaka kwa mdogo wake Athumani. Na yule mdogo mwenye macho, mashallah, kaka yangu amefiwa na mkewe, ni mtu mzima lakini ana meno yote."

"Umemjibu nini?" nikamuuliza.

"Nimemwambia ahsante."

"Ahsante! Kwa nini hukumwambia ni mtoto mmoja?"

Bi Zuhura akakaa kwenye benchi. "Nilitaka, dada. Lakini alisema mashallah mara tatu, kila mmoja na yake. Ningewanyang'anya vipi?"

Nikaenda kumtilia chai.

Salma alikuja siku ya pili, macho yamevimba. Nilidhani analilia ndoa itakayovunjika, kwa maana Bi Maryamu akigundua ataona ametapeliwa, atamwacha kijana wake Ulaya bila mke. Kumbe alikuwa na zaidi.

"Khalti," aliniambia, kama anavyomwita mama mdogo, "Athumani amemkubali wa mkato mmoja."

"Si ndiye wewe?"

"Mimi niko laini vile? Niangalie."

Nikamwangalia. Hakuwa laini vile.

"Nilimuuliza mwenyewe kwenye simu," akaendelea. "Akaniambia mama kamchagulia, naye hana neno. Kisha akaniuliza mimi ni yupi kati ya hao watatu. Nikakata simu. Khalti, namtaka yule mtu. Lakini nikienda kama wa mkato mmoja, nitaishi naye maisha yangu yote nikimwonea wivu mwanamke ambaye ni mimi."

Katika miaka yangu yote ya kazi nimeona wanawake wakilia kwa ajili ya picha: wametoka wanene, wametoka wamefumba macho, wametoka karibu na mtu wasiyempenda. Huyu tu ndiye aliyelia kwa kushindwa na yeye mwenyewe.

"Waje," nikamwambia. "Waje hapa wote, nimwonyeshe mama mtu kwa macho yake."

Wakaja. Bi Maryamu na Athumani walishuka kwenye ndege, wakapanda bajaji, na nyuma yao bajaji ya pili ikiwa imebeba masanduku matatu ya nguo za mabibi harusi. Bi Maryamu alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mtaa. Alisikiliza maelezo ya Bi Zuhura pale mbele ya studio mpaka mwisho. Kisha akasema, "Naelewa. Hao wawili mmewaficha, mnawangojea watu wa Nairobi."

"Wallahi sina wengine," Bi Zuhura alisema.

"Nimewaona kwa macho yangu! Mmoja kidoti kulia, mmoja kushoto! Au kidoti kina miguu?"

"Kina, bibi," nikasema. "Ingia ndani nikuonyeshe kinavyotembea."

Athumani akainuka afuate. Nikamwonyesha mlango: mwanamume hapiti hapo, hata angekuwa daktari wa macho. Akakaa tena kwenye benchi, kijana mrefu mwenye koti la nchi ya baridi katika joto lile, kando ya Bi Zuhura. Tukaingia Bi Maryamu, Salma na mimi. Nikatia komeo, nikawasha taa nyekundu.

Salma akanirudishia filamu yake, nikachapa ya kwanza kwa Mwitaliano. Karatasi ilipoingia kwenye dawa, Bi Maryamu aliinama juu ya beseni. Kwanza hapana kitu. Kisha nyusi, kisha midomo, kisha uso mzima ukapanda polepole kutoka kwenye weupe.

"Huyo wa kwanza!" akasema. "Amekuja mwenyewe!"

Nikabadilisha lenzi, filamu ileile mbele yake, nikachapa kwa Mjerumani. "Subhanallah. Na mwenziwe." Nikamtia Mjapani, nikaitoa filamu, nikampa aishike, nikaipindua, nikachapa. Kidoti kilipotokea shavu la pili, Bi Maryamu aliinua mkono akajishika shavu lake, kama anayehakikisha kwamba lake liko mahali pake.

Akaushusha mkono. Nikadhani tumemaliza.

"Basi ni mmoja," alisema.

"Ni mmoja."

Akazitoa picha tatu kwenye maji kwa koleo, akaziinua moja moja kando ya uso wa Salma chini ya ile taa nyekundu. Akasogea, akarudi nyuma. Akatikisa kichwa.

"Huyu hafanani na hata mmoja wao."

"Bibi!" nikasema.

"Sikulaumu wewe, Bi Esha, wala simlaumu yeye. Lakini mimi nimemposea mwanangu yule wa kwanza, nimewasifu wote watatu Mombasa nzima. Sasa naletewa wa nne. Nitawaambia nini watu? Toa nyingine. Toa moja ya haki, isiyozidi wala kupungua. Itakayotoka, hiyo ndiyo tutakayoiozesha."

Nilimweleza kwamba lenzi ya haki haijatengenezwa. Nilimweleza habari za vioo vitatu na vioo sita, za kona na kijivu. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Basi nikamrudisha Mjerumani, nikapunguza mwanga, nikachukua karatasi nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, nikachapa, nikaitia kwenye dawa. Nikawaonya wote wawili: karatasi ikiwa kwenye beseni, mlango haufunguliwi, mwanga utaiunguza; atakayetaka kuzimia azimie humuhumu.

Tukainama watu watatu juu ya beseni.

"Mama," Salma akasema, "mimi niko hapa."

"Nyamaza, mwanangu, usije ukatikisika."

"Nitatikisikaje kwenye karatasi? Niko hapa! Nina mikono, nina njaa, nimesimama kando yako, nawe unangoja beseni likwambie mimi ni nani!"

"Polepole, watakusikia nje."

"Wasikie! Mtu mzima amesafiri kwa ndege kuja kuoza kivuli! Masanduku matatu! Mlitaka nivae yote kwa pamoja?"

Mlango ukagongwa kutoka nje, kwa heshima, kwa kifundo cha kidole kimoja.

"Mama," sauti ya Athumani ikauliza, "huyo anayegomba ni nani?"

"Ngoja, baba," Bi Maryamu akajibu bila kuondoa macho kwenye beseni. "Bado hajaiva."

"Basi ndiye huyo."

"Yupi? Wa mikato mingapi?"

"Mimi sijui habari za mikato, mama. Nakwambia ndiye huyo. Kila nikipiga simu ananigombeza namna hiyohiyo, nami nikikosa siku moja mkate hauumuki."

 Katika mwanga ule mwekundu nilimwona Salma anavuta buibui lake, anajifunika, analiweka sawa kifuani, bila haraka. Kwenye beseni nyusi zilikuwa zimeshafika, na macho yalikuwa yakianza. Yalikuwa macho mazuri. Huenda ingekuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kutoa. Akaweka mkono kwenye komeo.

"Salma! Karatasi bado!"

"Iache iungue, khalti."

Mwanga wa adhuhuri ukaingia wote kwa mara moja. Bi Maryamu akapiga ukelele, akalitupia beseni mtandio wake, lakini uso ulikuwa umeshakuwa kijivu, kisha mweusi, macho na nyusi na kidoti vimekuwa kitu kimoja. Nje nilimwona Athumani ameinuka, koti mkononi, na Bi Zuhura ameshika shavu. Kisha Salma akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, ukafungika.